Safu ya Maelezo

Jumapili, Machi 1

Daftari hili ni sampuli. Muuza karatasi aliniletea ili ofisi iagize mia mbili. Sikuagiza hata moja, maana jalada lake linaachia rangi mikononi, na mwenyewe akakataa kulichukua tena. Nimeliandikisha kwenye kitabu cha zawadi na sampuli, ukurasa wa kumi na nne, asije akatokea mtu kesho akasema mnunuzi wa reli alihongwa daftari. Sasa ni langu kihalali. Nitaliandikia msimu huu wa mvua, halafu tuone.

Mimi ndiye ninayenunua kila kitu kinachoingia kwenye treni za serikali isipokuwa abiria. Dizeli, grisi, breki, balbu, karatasi za tiketi, sabuni ya vyoo. Wananiita Mama Dizeli, nami naitika. Miaka kumi na minne niko kwenye kiti hiki, na kwa miaka yote hiyo hakuna treni iliyowahi kulala kwa kukosa mafuta. Zimelala kwa ajali, kwa mgomo, kwa ng'ombe waliogoma kutoka relini. Kwa mafuta, hapana. Nalisema hili mara nyingi, mume wangu anadai hata usingizini.

Mvua imeanza jana, saa ileile malori yalipomaliza kujaza tangi. Lita elfu themanini. Nimelala fofofo.

Jumatatu, Machi 2

Leo amri yangu imeanza kazi: dereva akisimama kituoni zaidi ya dakika kumi, azime injini. Zamani waliziacha zinanguruma nusu saa nzima huku wao wanakunywa chai.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye dereva wa treni ya bara. Kazini wanamwita Honi kwa sababu ya sauti yake. Alikuja mpaka dirishani kwangu.

"Shemeji, injini si jiko la kuzima na kuwasha."

"Basi jifanye ni jiko," nikamwambia, "na gesi unanunua wewe."

Aliondoka anacheka. Najua imemchoma.

Jumatano, Machi 4

Mvua kutwa.

Niandike kidogo kuhusu tangi, maana ndilo roho ya kazi yangu. Ni tangi refu la chuma, limelala juu ya nguzo fupi za zege ndani ya ukuta wa kinga, hatua sitini kutoka dirishani kwangu. Upande wa mashariki ndiko linakotokea bomba la kwenda kwenye pampu. Upande wa magharibi kuna ngazi na tundu la kupimia. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi mpimaji anapanda, anazamisha kijiti kirefu chenye sentimita, anasoma ulowevu umefika wapi, kisha jedwali linamwambia ni lita ngapi. Pampu ilikuwa na mita yake, ikafa mwaka jana. Faili la kununua mita mpya liko mezani kwangu, na kila mara linapofika juu kuna jambo la haraka zaidi. Kijiti hakina betri, hakina nati, hakifi.

Mpimaji naye tunamwita Kijiti, kwa kazi yake na kwa umbo lake. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mkavu wa maneno, anapiga pasi hata kitambaa cha kufutia mafuta. Jana na leo ameandika neno kwenye safu ya maelezo ya kitabu cha vipimo, safu ambayo miaka yote huwa tupu. Ameandika: "Nina shaka."

Shaka na nini, hajasema.

Alhamisi, Machi 5

Nimemuuliza. Akaanza kunipa hadithi ndefu ya dakika za pampu, sijui ishirini na mbili sijui ngapi, na simu ya breki ikaita katikati. Nikamwambia tutaongea. Breki zinakuja Jumatatu.

Ijumaa, Machi 6

Kijiti cha leo kinaonyesha tunatumia pungufu kuliko mwezi uliopita. Amri yangu inafanya kazi. Siku ya tano tu.

Jumapili, Machi 8

Mvua. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Jumatatu, Machi 9

Breki zimefika. Balbu pia, arobaini zimevunjika. Nimezirudisha na lori lilelile kabla dereva hajapata kisingizio. "Nina shaka," la saba.

Jumanne, Machi 10

Kijiti ameleta maombi ya gambuti. Anasema pale anaposimama juu ya tangi maji ya mvua yanamwingia viatuni, mwaka jana hayakuwa yakija upande ule. Nimesaini palepale, na alasiri alikuwa nazo miguuni, namba tisa, nyeusi. Wenzangu wa idara nyingine wangemzungusha wiki mbili. Mimi mfanyakazi wangu hatembei na soksi mbichi.

Alhamisi, Machi 12

Kwa kawaida tangi likikaribia nusu naagiza malori. Leo limekaribia nusu, lakini tunakula pungufu kwa asilimia tisa, nimepiga hesabu mara tatu. Na tarehe kumi na tisa bei mpya ya dizeli inatangazwa, kila mtu anajua itashuka. Mtu anayenunua leo ni mvivu wa kungoja. Nitangoja.

Jumamosi, Machi 14

Mto umekata barabara ya bara. Sasa ule mji wa juu unalishwa na treni peke yake. Honi amepakia unga, dawa, na mitungi ya oksijeni ya hospitali, mitungi kumi na sita, na kila siku anarudi na mitupu. Alipita ofisini kwangu amelowa chapachapa. "Shemeji, huko juu muuguzi ananisubiri pale pale jukwaani kila jioni. Hasalimii mtu mpaka ahesabu mitungi."

"Mwambie treni itafika," nikasema.

Jumatatu, Machi 16

Mkurugenzi ameniita. Ni mtu mpole, anapenda asilimia kama wengine wanavyopenda mpira. Amesema tisa hii inapelekwa wizarani. Katibu mwenyewe atakuja Jumanne ya wiki ijayo kusikia kutoka kinywani mwangu, na huenda amri yangu ikawa ya magari yote ya serikali. Nilitoka pale nikipita katikati ya korido, si pembeni.

Jumanne, Machi 17

Nimewaona Kijiti na Honi wamejibanza chini ya paa la pampu, wanacheka. Honi anaichukia amri yangu. Kijiti anaandika shaka kila siku. Mimi si mtoto, najua moja na moja ni ngapi. Wanataka Katibu afungue kitabu, aone shaka kumi na tano mfululizo, aulize ni kitu gani.

Jumatano, Machi 18

Nimemwita Kijiti.

"Kitabu ni cha namba," nikamwambia. "Una namba nyingine?"

"Namba ni hiyohiyo, mama. Kijiti kinasema hivyo."

"Basi shaka ni ya nini?"

"Namba ni nzuri mno."

"Hilo ni kosa?"

"Sijui. Ndiyo maana nimeandika shaka, sikuandika kosa."

Nikamwonya kwa mdomo. Alishukuru, akatoka, na gambuti zake zikiacha alama sakafuni.

Alhamisi, Machi 19

Bei imeshuka, kama nilivyosema. Nimeagiza malori matatu. Dereva wao mkuu anasema kwa hali ya barabara hawafiki kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na nane. Kijiti kinasema mafuta yapo mpaka siku hiyo na kidogo cha kubaki. Kidogo, lakini kipo.

Kitabuni, asubuhi hii, baada ya onyo langu: "Nina shaka."

Nimeandika barua ya onyo, nakala moja kwenye faili lake, na kuanzia kesho anahamia stoo ya bolti. 

Jumamosi, Machi 21

Karani wa tiketi ndiye anayepima sasa. Anapanda ngazi kama anayepelekwa kunyongwa. Safu ya maelezo ni safi kama sahani.

Jumapili, Machi 22

Nianze taratibu, tangu mwanzo.

Asubuhi nilikuwa jikoni. Nyuma ya jiko letu tuna pipa kubwa la maji, limekaa juu ya matofali. Nikafungua bomba lake, likatoa uzi wa maji, likakata. Nikamwita mume wangu. Yeye ni fundi mwashi, na Jumapili ni siku yake ya kutoguswa, kwa hiyo alikuja taratibu.

"Maji yamekwisha," nikasema.

Akainua kifuniko. "Hayajaisha. Chungulia."

Nikachungulia, nikaona maji, tena si haba.

"Matofali ya kule yamedidimia kwa mvua," akasema. "Pipa limelala. Maji yamekimbilia kule, bomba lako liko huku." Akaenda kuchukua pima maji yake, kile kipande cha mbao chenye kichupa na kipovu cha hewa, akakiweka juu ya pipa. Kipovu kikakimbilia upande mmoja kikaganda. "Ukichungulia kwa kule utasema liko nusu. Ukichungulia kwa huku utasema robo. Yote mawili ni uongo."

Nikaliona tangi langu. Tundu la kupimia liko magharibi, bomba liko mashariki. Na gambuti. Maji ya mvua yalikuwa yanamfuata miguuni kwa sababu tangi lilikuwa linainama kumfuata yeye, na mimi badala ya kuuliza kwa nini, nilinunua viatu.

"Nipe hiyo pima maji," nikasema.

"Unaenda nayo wapi? Ni ya kazi."

"Nami naenda kazini."

Getini niliiandikisha kama mali binafsi, mlinzi akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nikapanda ngazi kwa viatu vya nyumbani. Nikaiweka juu ya chuma kilicholowa. Kipovu hakikunionea huruma.

Sikukaa pale kulia, ingawa nilitaka. Nilienda kwa Kijiti. Anakaa nyuma ya karakana, vyumba viwili. Mke wake alinikaribisha, akanipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Mwenyewe alikuwa anapiga pasi shati la kazi na hakuinua macho.

"Kijiti, nakuomba uje kwenye tangi."

"Mimi ni mtu wa bolti, mama. Tangi lina karani wake."

"Nimekukosea."

Akageuza shati. "Kwa kiasi gani?"

Mke wake akamtazama vibaya. Lakini nilimfahamu. Mtu huyu maisha yake yote anauliza kiasi gani.

"Sijui bado," nikasema. "Tangi limedidimia upande wako. Nadhani sentimita thelathini."

Akaweka pasi chini. "Subiri nivae gambuti."

Njiani ndipo aliponipa hadithi ya dakika ambayo sikumwacha aimalize. Pampu ile inamjazia Honi kwa dakika ishirini na mbili, tangu mita ilipokuwa hai. Kabla ya amri yangu, ishirini na mbili. Baada ya amri yangu, ishirini na mbili, siku chache ishirini na moja. Injini zinakunywa vilevile, na kijiti kinasema zinakunywa kidogo. "Mmoja kati yao anadanganya," akasema, "na pampu haijui kusoma amri."

"Na ile siku mlikuwa mnacheka na Honi?"

Akafikiri. "Alikuwa ananisimulia ng'ombe."

Upande wa mashariki kuna tundu la pili, halijafunguliwa tangu tangi lipakwe rangi. Tulihangaika na spana nusu saa, yeye akishika mimi nikining'inia, mpaka likaachia. Akazamisha kijiti huko. Magharibi sentimita sabini na tatu, mashariki arobaini na tatu. Akakaa kwenye ngazi mvuani, akachukua katikati yake, akapiga hesabu kwa penseli nyuma ya kiganja.

Jedwali langu lilisema lita elfu kumi na tisa. Zilizopo ni elfu kumi na nne. Na kati ya hizo, elfu nne zimelala kona ya magharibi ambako bomba halizifikii. Kwa mwendo wetu wa kila siku tuna siku tatu, mpaka Jumatano. Malori yanakuja Jumamosi, yakija.

Asilimia tisa yangu ilikuwa udongo uliolowa.

Jumatatu, Machi 23

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mama, Katibu anakuja kesho."

"Ndiyo. Nitamweleza mwenyewe."

"Na treni?"

Hapo nilikuwa nimejipanga, maana usiposhika usukani wengine wanaushika kwa uoga. Treni ya mchana, ya hapa mjini, inakula lita elfu moja kwa siku, na abiria wake wana mabasi. Treni ya bara inakula elfu mbili, na ile hospitali haina njia nyingine. Tukilaza ya mchana, ya bara inakwenda leo mpaka Ijumaa. Za Jumamosi na Jumapili ziko kwenye ile kona, na Kijiti anasema tukipata pampu ya mkono na mpira mrefu tunazivuta kupitia tundu lake la kupimia, debe kwa debe kama tunakamua.

"Andika," akasema Mkurugenzi.

Karani wake akauliza tangazo liseme nini. Akapendekeza "sababu za kiufundi". Nikamwambia aandike ninavyomtajia, nami nikasaini: Treni ya mchana haitaondoka kwa upungufu wa mafuta. Miaka kumi na minne. Nilidhani kalamu itagoma, kumbe kalamu haijui lolote. Iliandika kama siku zote.

Kisha nikaenda kununua pampu. Sheria inataka bei za maduka matatu hata nyumba ikiungua, na sheria hiyo naipenda. Nilizipata kwa miguu, mtaa wa vifaa, dakika arobaini. Duka la kwanza lilitaka kuniuzia ya maji, na ningeichukua mpira wake ungeyeyuka kwenye dizeli kabla ya kesho. La pili walikuwa na yenyewe lakini bila mpira. La tatu walikuwa na vyote, muuzaji akapandisha bei aliponiona nina haraka. Nikamwambia, "Baba, mimi nina haraka, serikali haina," nikakaa kwenye kiti chake nikaanza kusoma gazeti lake. Ikashuka.

Saa kumi Honi aliondoka na mitungi yake kumi na sita. Kabla ya kupanda alikuja dirishani. Nilisubiri kejeli, nilistahili.

"Shemeji," akasema, tena kwa sauti ya chini, jambo ambalo sikujua analiweza. "Kwenye ule mteremko mrefu wa kurudi nitauacha uzito wa treni ufanye kazi, sitagusa mafuta. Pale njia panda nitazima. Si kwa amri yako. Nazima kwa sababu ya yule muuguzi."

Jumanne, Machi 24

Katibu amekuja na watu wanne na chupa ya chai yake mwenyewe. Nilisimama mbele ya ubao ambao wiki iliyopita niliupamba kwa mishale. Nikasema: tisa haipo. Injini tunazizima na huenda tunaokoa kidogo, labda moja, labda hata moja haifiki, sijui, kwa kuwa mita ya pampu imekufa na mimi sikununua nyingine. Tangi liliinama, nikahesabu mwinamo kama akiba. Mpimaji aliona tangu Machi tatu, akaandika, nikamhamisha.



Katibu akauliza, "Kwa nini hukusoma alichoandika?"

"Nilikisoma, mheshimiwa. Kila siku. Nilidhani ananisema mimi."

 Aliandika kwenye kidaftari chake, na sijui ni nini. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba masikio yalikuwa yanawaka, lakini sauti yangu haikupotea, na hilo najipa.

Jumatano, Machi 25

Mvua. Treni ya bara imeondoka.

Alhamisi, Machi 26

Treni ya bara imeondoka. Malori yamekwama kwenye matope, siku moja zaidi. Yatafika Jumapili.

Ijumaa, Machi 27

Saa tatu asubuhi pampu kubwa ikaanza kukohoa. Tuliisikia wote, hata mkurugenzi alifungua dirisha. Honi alikuwa amepata ya leo, na tone la mwisho lilikwenda naye. Kijiti alizima swichi, akafuta mikono kwa kitambaa chake kilichopigwa pasi, akasema, "Ndivyo tulivyohesabu."

Kisha tukahamia kona. Pampu ya mkono inatoa lita kumi na nane kwa dakika ukiwa na nguvu, kumi na mbili ukiwa mimi. Tulipokezana: Kijiti, karani wa tiketi, mafundi wa karakana, mimi. Mume wangu alikuja baada ya kazi zake akataka kuzitazama zile nguzo za zege na kutupa bei ya kuzirekebisha. Nikamfukuza. Mume wa mnunuzi haingii kwenye zabuni za mnunuzi. "Basi nipe zamu ya pampu, hiyo haina zabuni," akasema, akavua shati. Alipiga nusu saa nzima, na mtu huyu nyumbani hafungui hata chupa bila kulalamikia mgongo.

Jumamosi, Machi 28

Lita elfu mbili, kwa mikono. Treni ya bara imeondoka. Viganja vyangu vimetoka malengelenge, nashika kalamu kama kijiko. Winchi ya karakana imeinua tangi likiwa karibu tupu, tumelikalisha sawa juu ya mbao nene za reli, na fundi aliyeshinda kwa bei ameanza kumwaga zege.

Jumapili, Machi 29

Treni ya bara imeondoka kwa lita za mwisho, dakika tisini na tano kabla ya lori la kwanza kuingia getini. Nimezihesabu. Honi alipiga honi kutoka hapa mpaka daraja la pili, watu wakatoka majumbani.

Jioni alipiga simu kutoka juu. Muuguzi amehesabu mitungi, yote kumi na sita, halafu akamsalimu: habari za kazi.

Jumatatu, Machi 30

Treni ya mchana imerudi. Ililala siku saba. Sitasema tena ile sentensi yangu ya miaka kumi na minne. Mume wangu anadai jana usiku nilikaa kimya mpaka akaniamsha kuniuliza kama nina homa.

Alhamisi, Aprili 2

Faili la mita limetoka mezani kwangu likiwa na saini zote. Kijiti yuko kwenye ngazi yake, na sasa anapima matundu mawili. Safu ya maelezo naisoma kabla ya namba.

Jumatano, Aprili 8

Nimekwenda masjala kuondoa barua ya onyo kwenye faili la Kijiti. Haitoki. Karatasi ikishaingia kwenye faili la mtumishi haitoki mpaka astaafu. Sheria hii niliwahi kuisifu mbele ya watu. Kinachoruhusiwa ni kuweka nyingine juu yake. Basi nimeandika:

"Barua ya Machi 19 iliyo chini ya hii iliandikwa na mimi, nami nilikosea. Mtumishi huyu aliandika 'nina shaka' mara kumi na saba kuhusu tangi la mafuta, na mara zote alikuwa sahihi. Aliyepaswa kuonywa ni aliyesoma."

Nimesaini na nimempelekea nakala mwenyewe kwa mkono. Aliisoma akiwa amesimama chini ya ngazi, polepole, kama anasoma kijiti. Mimi nikangoja, na nakiri nilikuwa nangoja kushukuriwa.

"Barua nzuri, mama," akasema. "Ila kipimo si sahihi."

"Kipi?"

"Umeandika kumi na saba. Ni kumi na tisa."

Nikamwambia nimehesabu kitabu chote, Machi tatu mpaka Machi kumi na tisa, siku kumi na saba, mstari kwa mstari. Akanirudishia karatasi. "Mbili hazimo kwenye kitabu hicho."

Nimekwenda stoo ya bolti. Nimefungua kitabu chake. Ijumaa, Machi 20: bolti za nusu inchi mia tatu na kumi, misumari ya reli magunia manne, spana kubwa moja imepinda. Maelezo: "Nina shaka na tangi." Jumamosi, Machi 21: bolti za nusu inchi mia tatu na nane, misumari ya reli magunia manne. Maelezo: "Nina shaka na tangi."

 Kisha nikarudi masjala, nikaomba faili, nikakata kumi na saba, nikaandika kumi na tisa, nikasaini pembeni.